Kinosaki Onsen: chumba chukua cha kawaida, utamu uko barabarani

Naanza na bei ya kulala Kinosaki, mji wa mabafu ya maji ya moto huku Japani, maana najua ndo swali la kwanza. Yeni 19,500 kwa kichwa, usiku mmoja, yani shilingi laki tatu na kitu za kwetu Tanzania, na wakisema kwa kichwa ni kwa kichwa kweli, hawa hawauzi chumba wanauza mtu, mkiwa wawili mnalipa mara mbili hata kama mnalala sehemu moja. Juu yake kuna kodi ya kuoga yeni 150 kila mtu, usicheke, ipo kisheria na inaandikwa kwenye risiti. Mie ni mwanafunzi hapa Kobe, hela hiyo nikijibana nakula mwezi mzima, kwa hiyo nilikwenda na jicho la mtu anayetaka kujua kila senti imekaa wapi.

Kilichomo ndani ya bei: chakula cha jioni, cha asubuhi, vazi la yukata (kanzu nyepesi ya pamba ya kujifunga), viatu vya mbao, na kikaratasi chenye baakodi kinachokuingiza bure mabafu saba ya mji mzima mpaka kesho yake. Hicho kikaratasi kishike vizuri, nitakirudia.

Kwa wasiojua, onseni ni maji ya moto ya ardhini. Sheria yao ya mwaka 1948 inasema maji yakitoka chini yakiwa na nyuzi 25 au zaidi, au yakiwa na madini fulani ya kutosha, hayo ni onseni, yasipofika hapo usiyaite hivyo. Kwa hesabu hiyo hata sie Tanga tunayo, pale Amboni kwenye maji ya kiberiti ya Galanos, tatizo tumeyaacha yamekaa na harufu yake ya yai viza na kuta zimebomoka. Chemka ya Moshi sijui tuiweke wapi maana jina linachemka maji yenyewe wala. Riokani sasa ndo nyumba ya wageni ya kizamani, mikeka chini, magodoro ya kukunja, mlango wa karatasi, unakula walichopika na saa waliyosema wao.

Tulikwenda wiki ya kwanza ya Desemba mie na shoga yangu wa Mombasa. Kutoka Kobe kuna treni ya moja kwa moja inaitwa Hamakaze, maana yake upepo wa pwani, mtoto wa Tanga nikaona jina tu linanitosha. Ni ya dizeli, inapitia Himeji, na pale Himeji inageuza kichwa mnaanza kwenda upande mliotokea, shoga yangu akaruka akidhani tumepanda siko, tulia, ndo njia yake, baada ya hapo inapanda milimani mpaka unatokea upande wa pili wa Japani. Ziko chache kwa siku, ikikuacha imekuacha. Ukitokea Osaka kuna nyingine inaitwa Kounotori, jina la ndege korongo, na korongo hao wana hadithi yao, wa mwisho wa porini alikufa mwaka 1971 hukohuko mji wa Toyooka, wakafuga wengine miaka na miaka mpaka 2005 wakaanza kuwaachia tena. Sisi tuliona mmoja amesimama kwenye jaruba la mpunga karibu na mto, au labda alikuwa kulasitara, dirisha lilikuwa na ukungu.

Upande ule wana msemo, sahau chakula chako lakini mwavuli usisahau. Niliusoma nikaona maneno tu. Tumeshuka stesheni mvua, tumelala mvua, tumeamka mvua.

Haya sasa nyumba. Jina silitaji kwa sababu nina malalamiko na sitaki kumharibia mtu riziki, ila ni ya mbao, ghorofa mbili, hatua chache kutoka mtoni. Unavua viatu mlangoni, unapewa kandambili za ndani, ukifika kwenye mikeka unavua na hizo kandambili, ukienda chooni unakuta kandambili nyingine za choo tu, na ole wako utoke nazo (nilitoka nazo, mara mbili). Chumba kikubwa kuliko nilichotegemea, meza fupi katikati, birika la chai na vitumbua vyao vyenye maharage matamu ndani, dirisha linatazama mto. Magodoro huyaoni, yako kabatini, mkiwa mnakula anakuja mtu anayatandika, ukirudi unakuta kitanda kimeota.

Bafu la ndani la nyumba ndo lilinikata maini. Mapicha kwenye mtandao yalipigwa kwa ufundi, mwenyewe unafika unakuta sinia, watu watatu mkiingia mnagusana magoti. Nikaanza kununa pale pale, laki tatu nioge kwenye karai? Mama wa mapokezi akanielezea, na hapo ndo nilipouelewa huu mji.

Kumbe zamani nyumba za wageni Kinosaki hazikuwa na maji ya moto ndani kabisa, watu wote wanatoka wanaenda kuoga mabafu ya mji. Mwaka 1927 nyumba moja ikachimba ya kwake ikajenga bafu ndani, mji mzima ukachachamaa, maji ni ya wote bwana, wakapelekana mahakamani, na kesi ikavutana mpaka 1950 ndo wakapatana, ruksa bafu la ndani ila liwe dogo. Yani ule udogo ulionikera ni wa makubaliano. Wenyewe wanasema mji mzima ni nyumba moja, stesheni ndo mlango, barabara ndo korido, riokani ni vyumba vya kulala, na yale mabafu saba ndo bafu la nyumba. Na kweli wanaishi hivyo, jioni unakuta watu wazima na heshima zao wako barabarani na nguo za kulalia, kikapu mkononi taulo ndani, wanakokota viatu vya mbao ka ka ka ka juu ya madaraja ya mawe, mierebi inaning'inia mtoni, taa zimewaka, na hakuna anayemshangaa mwenzie. Hilo sijaliona kwingine Japani, nchi ambayo hata kwenda dukani watu wanavaa vizuri.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na mkubwa, usiende Kinosaki kulipia riokani ya yeni elfu 50 yenye bafu lake la faragha chumbani halafu ukajifungia. Chukua chumba cha kawaida kabisa, hata zile zisizo na chakula zipo bei inashuka sana, kikaratasi cha mabafu unapewa kilekile sawa na tajiri.

Yukata inavaliwa kushoto juu ya kulia. Kulia juu ya kushoto ndo wanavyomvalisha maiti. Shoga yangu alijifunga anavyojifunga leso kwao, akashuka ngazi anaringa, yule mama wa mapokezi akaja mbio mbio na mikono mbele kama anataka kumdaka mtoto anayeanguka, akamgeuzia pembe kwa pembe bila kusema neno. Tulipojua sababu tulicheka mpaka tukakaa chini, ana kwa ana na sanda yake. Mimi yangu ilikuwa fupi, mimi mrefu, inaishia kwenye ugoko, na viatu vya mbao vyote vilikuwa vidogo kisigino kinaning'inia nyuma. Nilimwuliza kama kuna vikubwa akaleta vya wanaume, navyo afadhali. Kila kiatu kina jina la nyumba uliyofikia, ukipita wale wa mabafuni wanajua huyu mgeni wa fulani. Kamba katikati ya vidole inakata, vaeni soksi zile za kidole gumba pembeni, na kwenye mvua barabara inateleza jamani nendeni polepole.

Sasa lile jambo mnalolisubiri. Ndiyo, ni uchi. Hakuna suti ya kuogelea, hakuna kanga, hakuna kujifunga taulo ukaingia nalo. Wanaume kwao, wanawake kwao, pazia la buluu na pazia jekundu, kashike rangi kama husomi maandishi.

Shoga yangu alishasema tangu kwenye treni. "Nivue mbele ya watu nisowajua? Wallahi siendi." Na hakwenda, na hakuna aliyemlazimisha. Nyumba nyingi zina bafu moja la faragha unalishika kwa muda, la kwetu dakika 45, unageuza kibao mlangoni kuonyesha kuna mtu unafunga komeo unaoga peke yako, kwetu lilikuwa bure ila wengine wanachaji, ulizeni kabla ya bukingi. Afu barabarani kuna sehemu za kuchovya miguu tu, moja iko mbele ya bafu la Yanagi-yu, yeye alikaa pale na ushungi wake na mwavuli karibu saa nzima anakula mkate wa mvuke wenye nyama ya kaa ndani, akaniambia yeye kashaoga.

Mimi nilijiuliza nikajijibu. Mara ya mwisho kukaa bila nguo mbele ya wanawake wengi ilikuwa siku nasingwa kabla ya harusi ya dada yangu, sie wasichana wote wa nyumba tulipakwa liwa siku ile, bibi zangu wanacheka wanaimba, wala sikuona aibu. Aibu ilinijia ukubwani, sijui nani alinipa. Nikasema haya, nikaanza na Goshono-yu maana ndo lenye bafu la nje na maporomoko ya maji nyuma yake.

Utaratibu ni huu. Nguo kwenye kabati, unaingia na kile kitaulo kidogo tu. Kwanza unakaa kwenye kigoda kifupi mbele ya bomba unajisugua kwa sabuni kichwa mpaka kidole cha mwisho, unajisuuza povu lote liishe, ukiingia kwenye maji hujaoga ni kosa kubwa hapo ndo watakutazama. Vinginevyo hakuna anayekutazama! Nilikuwa mweusi peke yangu mle ndani, mrefu kuliko wote, nilijua nitageuziwa vichwa, hee, kila mtu na mgongo wake. Maji ya moto, mwili unakataa kwanza halafu unakubali, na ukionja mdomoni yana chumvi, hayanuki kabisa kama ya kwetu Amboni. Nje mvua baridi inakudondokea usoni na mabega, shingo kwenda chini unachemka. Nilikaa mle nikasahau kama nina tumbo wala makovu.

Halafu bibi mmoja akanyoosha kidole kichwani kwangu. Nina rasta ndefu, nilizikunja juu, ncha tatu nne zimeteleza zimezama majini, na nywele kwenye maji haziruhusiwi. Kabla sijafikiria la kufanya akachomoa kibanio chake mwenyewe, nywele zake fupi nyeupe hazikukihitaji sana, akanipa. Akauliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akafikiri, akasema "Kirimanjaro," halafu akafurahi akaongeza, "kohii!" Maana huku kahawa ya Kilimanjaro ni jina maarufu kuliko nchi yenyewe. Nilipotaka kumrudishia kibanio kwenye chumba cha kubadilishia alipunga mkono, ninacho mpaka leo.

Wenye rasta na misuko leteni kofia ya nailoni au kilemba chepesi, kitaulo peke yake hakishiki. Wenye tatuu msiwe na wasiwasi, sehemu nyingi Japani wanakurudisha mlangoni lakini mabafu saba ya hapa yote wanaruhusu. Na wanawake, kama uko kwenye siku zako huingii, panga tarehe mapema usije ukalipa ukaishia kuchovya miguu.

Niliingia manne kati ya saba. Ichino-yu lina bafu kama pango, limechongwa mwambani, mwangwi mtupu. Mandara-yu wanasema mtawa mmoja aliomba siku 1,000 maji yakatoka, mwaka 720 huko, nje lina mapipa ya mbao ya mtu mmoja mmoja, unakaa mle kama ndizi kwenye sufuria, nililipenda kuliko yote. Kouno-yu ndo la yule korongo, eti alionekana analowesha mguu wenye jeraha akapona, liko mbali kidogo kwa hiyo watu wachache. Ukitoka kuna friji la maziwa ya chupa za kioo, ya kahawa na ya kawaida, kunywa umesimama. Kila bafu lina siku yake ya kufungwa katika wiki, angalieni ratiba, na usiyafululize kama mimi, la nne nilitoka kichwa chepesi nikakaa kwenye ngazi mpaka mtu wa mlangoni akaniletea maji.

Chakula. Kaa wao wa baridi anaanza Novemba mpaka Machi na bei yake ni ya kutia wazimu, mkichagua chakula cha kaa mnaongeza karibu mara mbili, sisi tulichukua cha kawaida. Na mwenzangu hali kaa, kwao walikatazwa tangu wadogo, ule mkate wa barabarani aliniambia nisimwambie mtu, samahani shoga. Visahani vilikuja kumi na kitu, samaki mbichi, viazi vya kupondwa sijui na nini, kisufuria kinachochemka juu ya mshumaa mezani, kila kimoja mdomo mmoja kimekwisha, kizuri kukitazama kuliko kukila niseme ukweli, wali ndo unakuja mwisho wakati sie tulikuwa tunaudai tangu mwanzo.

Hapa ndo malalamiko. Niliandika kwenye bukingi, na nikatuma meseji tena, hatuli nguruwe na hatutumii pombe. Wakajibu sawa. Tunafunua kikombe cha yai la mvuke ndani tunakuta kipande cha hemu. Yule mhudumu aliinama mpaka nikaona huruma, akabadilisha, lakini nikauliza na mchuzi wa samaki je, una mirini? Mirini ni pombe tamu ya kupikia, wao hawaihesabu kama pombe, ni kama chumvi kwao, iko kwenye karibu kila kitu. Ilikuwemo. Kwa hiyo tulikula wali, samaki mbichi, matango ya chumvi. Ukiwa unajali haya usiandike tu "bila pombe", andika mirini kwa jina lake, na sake ya kupikia kwa jina lake, na soya sosi nayo uliza, na wakikuambia hawawezi chukua chumba bila chakula ule nje. Kwa yeni walizokula pale nilitegemea wangesoma meseji.

La pili kuta. Karatasi na mbao, jirani alikohoa tukamwambia pole. La tatu hita ilikuwa na taimu, ikazima usiku wa manane tukaamka meno yanagongana, tukavaa makoti juu ya yukata. Hakuna tipu ya kutoa, hilo zuri, hata ukiacha hela mezani watakukimbilia nazo barabarani wakidhani umesahau.

Asubuhi mapema niliamka nikakimbilia Ichino-yu kwa sababu nilisikia wa kwanza kuingia kila bafu anapewa kibao cha mbao cha ukumbusho. Nimefika dakika kumi kabla ya kufungua nakuta foleni, mbele kabisa kuna mama wa makamo na kigoda chake cha kukunja na thamosi, huyo alishatoka nyumbani kwake akiwa ameshinda. Sikupata kibao. Niliingia hivyo hivyo, maji asubuhi ni masafi na mvuke unazuia kuona ukuta wa pili.

Nikiulizwa nyota, nyumba nyota tatu, mji tano. Mji ule wote uliungua kwa tetemeko la Mei 1925, hizi nyumba za mbao za ghorofa zinazopigwa picha zilijengwa upya baada ya hapo, mimi nilidhani za miaka elfu. Nitarudi Juni bei ikiwa imeshuka, na nimeshachagua nyumba isiyopika.

Kabla ya treni tulipitia pale karibu na kituo cha gari la kamba la kupanda mlimani, kuna shimo la maji yanayotoka yakichemka, unanunua mayai mabichi kwenye kimfuko cha wavu unayaning'iniza majini wenyewe wanakupa na muda. Shoga yangu aliyasimamia kwa saa ya simu kama anapika kwa mkwe. Tumeyala kwenye Hamakaze, kiini laini, chumvi tulisahau kununua.